Mfunga Lango la Mto

Mbele yangu kwenye basi alikaa mama mmoja, mchoma samaki aliyestaafishwa na ziwa. Alikuwa akimsimulia abiria mwenzake kwamba zamani maji yalifika kizingitini kwake; siku hizi anatembea saa nzima kwenye mchanga mkavu kuyafuata, na wanawe wanarudi na nyavu tupu. "Mto unaolijaza ziwa wameuchepusha huko juu, umepelekwa mashambani," alisema. "Huyo anayetufungia lango la maji, sijui kama ana mama."

Mwenzake, bwana wa makamo mwenye buti za mpira, alizitazama buti zake. "Ninaye, mama," akasema. "Anayelifunga ni mimi."

Niligeukia dirishani, masikio niliyaacha palepale.

"Kila siku?" mama aliuliza kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko tusi.

"Kila alfajiri. Nisipofunga mimi, atafunga mwingine."

"Basi mwachie huyo mwingine, mwanangu."

"Na wanangu wale nini?"

"Wangu wanakula nini?"

Basi lilisimama kwenye kituo cha yule bwana. Mama alisogeza magoti ampishe, lakini yeye alibaki ameinamisha uso, akashindwa kupita mbele yake.