Mpayukaji wa Kaseti ya Tatu

Treni ilikuwa imeshapita Juja wakati mama aliyeketi mkabala na Maluki alipofungua boksi alilolipakata. Ndani mlikuwa na kaseti sita za Yatta Comets: nyimbo zao zote za zamani, pamoja na dansi lililorekodiwa Thika mwaka wa sabini na nne. Maluki alikuwa na boksi kama hilo nyumbani. Kwa miaka ishirini alikuwa amewatangazia watu kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitambua bendi hiyo.

"Hii ya tatu, ya dansi la Thika, ni tamu," mama akasema, "lakini mjinga fulani ameiharibu. Gitaa linaanza kulia, yeye anapayuka, 'Rudini mkalime!'"

Mke wa Maluki aliisikia kaseti hiyo Jumapili, na mpaka leo alikuwa hajamaliza kucheka.

"Labda hakuwa mjinga, mama," Maluki akasema. "Labda mitambo ilikuwa mibovu."

"Alikuwa mlevi huyo, mzee."

"Mlevi wapi! Alikuwa amekunywa soda moja tu."

Mama akamkazia macho. "Umejuaje?"

Maluki akageukia dirisha, akayachunguza mashamba ya kahawa kama mtu aliyetumwa kuyanunua. "Nakisia tu," akanong'ona.

"Ile sauti naijua. Siku nitakayoisikia ikipayuka tena, navua kiatu."

Treni ikasimama Ruiru, anakoshuka Maluki kila siku. Akainuka. Watu walikuwa wamejazana mlangoni, na bila kupiga kelele hakuna ambaye angempisha. Akatazama viatu vya mama. Vilikuwa na visigino vya mbao.

Akaketi tena, akapelekwa hadi kituo kinachofuata, Kahawa.