Bwana Ulichouliza na Ukuta wa Mafundi

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko jikoni, iongezeni sauti kidogo. Kama iko kazini na bosi hajafika, iongezeni zaidi. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwona kichwa na mabega tu, maana sehemu iliyobaki ilikuwa nyuma ya dirisha.

Tunamkumbuka karani wa dirisha la maulizo pale halmashauri. Ghorofa ya chini, mkono wa kushoto ukiingia, dirisha lenye kibao kinachopandishwa kwa kamba. Ukitaka kujua halmashauri inajua nini, ulikwenda pale. Unaandika ombi lako, unalisukuma chini ya kioo, unasubiri. Jibu likija, lina sahihi yake. Tumemzika jana. Karani wa dirisha la maulizo, tumemzika jana.

Jina lake la nyumbani nikilitaja mtasema, huyo nani? Lakini nikisema Bwana Ulichouliza, najua kuna mtu mahali fulani ameacha kumenya vitunguu.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kutaka. Ulikuwa ukimuuliza kama ofisi ya leseni iko wazi, anakujibu iko wazi. Unapanda ngazi mpaka juu, mlango uko wazi kweli, ila mhusika yuko likizo. Unashuka umefura, na yeye anakutazama kwa upole kabisa: "Nimejibu ulichouliza." Hakuwa na kiburi. Hakuwa hata na utani. Aliamini hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Mjane wake amenipokea nyumbani, macho yamemvimba, lakini alipolifikia hili alicheka. "Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi," alisema. "Siku moja niko ndani, nikampaazia sauti, baba, umeliona wingu hilo? Akasema ameliona. Natoka nje, nguo zote kwenye kamba zimelowa chapachapa, na yeye amekaa barazani anazitazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ningefanya nini, ndiye niliyepewa."

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa. Siku alipoajiriwa, mkubwa wake wa kwanza alimkalisha kwenye kile kiti cha dirishani akamwambia: "Mwananchi akiuliza moja, jibu moja. Neno utakaloliongeza ni lako, si la halmashauri. Likileta matata, utayabeba peke yako." Kijana akaisikia hiyo, akaishika. Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuongeza neno. Alisifiwa kwa hilo. Alipewa na saa ya ukutani.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye ukuta. Mwenzenu sina hamu ya kufika, lakini ndiko tunakokwenda.

Nyuma ya soko palikuwa na jengo la mafundi cherehani. Chumba kimoja kirefu, mashine zimepangwa kufuata ukuta wa nyuma kwa sababu ndiko kulikokuwa na madirisha na mwanga. Ukuta ule ukaanza kupasuka. Kwanza ufa mwembamba, wakawa wanaufanyia mzaha. Baadaye ufa ukawa wa kuingiza kidole. Mafundi wakagawanyika. Wengine walitaka kuhama, wengine wakasema wateja hawatawaona tena wakienda kwingine. Basi mmoja wao, mama aliyekuwa kama kiongozi wao, akafunga mashine yake akasema maneno ya nini, ngoja niende nikaulize.

Akaenda dirishani. Akaandika ombi lake kwa mkono wake: je, ukuta wa jengo la mafundi umekaguliwa na mhandisi?

Bwana Ulichouliza akalichukua ombi. Akapanda masijala, akaomba jalada, akasoma. Mhandisi alikuwa amekwisha kupita. Alikuwa ameandika kwamba ukuta hauna nguvu, na kwamba watu watolewe mle ndani kabla ya mvua. Bwana Ulichouliza aliyasoma hayo yote. Narudia, msinielewe vibaya, aliyasoma yote. Kisha akarudi dirishani, akaandika jibu: "Ndiyo. Ukuta umekaguliwa na mhandisi." Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Mtauliza, alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alidhani idara ya ujenzi itawaambia mafundi. Idara ya ujenzi ilidhani wasimamizi wa soko wamekwisha kuwaambia. Wasimamizi wa soko, sijui wao walidhani nini. Yeye aliulizwa kama ukuta umekaguliwa, na kweli ulikuwa umekaguliwa.

Yule mama fundi alilibandika jibu juu ya mashine yake. Waliokuwa wameanza kufunga vitu akawafungulia mwenyewe. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akitia vifungo na kudarizi kola, alikuwa ameshapata kibaraza kwingine, ameshahamisha na meza. Dada yake alimfuata huko. Ameniambia mwenyewe: "Nilimwambia, rudisha vitu vyako, wewe nawe kwa woga. Halmashauri wenyewe wamejibu. Akanicheka, akanifuata."

Mvua zilipokuja, ukuta ulianguka mchana, watu wakiwa kazini. Wengi waliumia. Aliyefariki ni mmoja, naye ni yule mdogo mtu.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Bwana Ulichouliza akaitwa. Binti yake mkubwa, ambaye ni fundi umeme, aliacha kazi siku hiyo akaenda naye, kwa sababu baba alikuwa hali wala halali. Binti aliketi nyuma kwenye ukumbi, akasikia kila kitu. Mwenyekiti aliuliza: ombi la yule mama ulilijibu? Baba akasema nililijibu. Ulilijibu kwa wakati? Kwa wakati. Jibu lako lilikuwa la kweli? Lilikuwa la kweli. Mwenyekiti akasema ahsante, unaweza kwenda. Kamati ikaandika kwamba mvua zilizidi kiasi.

"Tulitoka nje," binti anasema, "akashindwa kushuka ngazi. Akakaa pale pale. Nikamwambia, baba, mbona hukuwaambia kwamba ulisoma? Akanitazama kama mtoto. Akasema, hawakuniuliza. Nikamwambia, basi hata mimi sitakuuliza kitu tena maishani mwangu. Na kweli, dada, nilinyamaza. Nilikuwa nakwenda nyumbani namsalimia mama, yeye nampita. Alikuwa anatengeneza chai yangu anaiweka mezani, naiacha inapoa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ile chai."

Nilimwachia nafasi anywe maji.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki wengi hamkijui. Halmashauri haikijui, au haikutaka kukijua. Bwana Ulichouliza alikwenda nyumbani kwa yule mama fundi. Alikwenda peke yake, kwa miguu. Yule mama alikuwa amehamishia mashine barazani kwake, anashona sare za shule, na muda wote huo alikuwa akiamini kwamba aliyemuua mdogo wake ni yeye. Yeye ndiye aliyeuliza. Yeye ndiye aliyesema rudi.

Nimeketi kwenye baraza ile ile. Mama fundi haongei haraka, anauma uzi, anaongea, anauma uzi tena. Alisema: "Nilimjua kwa mabega. Nikamuuliza, umekuja kufanya nini? Akasema, mama, nimekuja kujibu ambalo hukuuliza. Basi akaniambia. Kwamba mhandisi aliandika tutolewe. Nikamuuliza, na wewe ulisoma? Akasema nilisoma. Nikamuuliza, yote? Akasema yote. Nilikuwa na mkasi mkononi, mwanangu. Nikauweka chini, mbali kidogo. Nikamwambia nenda ukayaseme hayo kule kulikokuwa na watu."

Akaenda. Wasikilizaji wapendwa, alikwenda. Alipanda ngazi zile zile zilizomshinda kushuka. Akamkuta katibu wa kamati anafunga makabati. Akamwambia nina jambo sikulisema. Katibu akamjibu kwamba kazi imekwisha, ripoti imepelekwa, na isitoshe, mzee, nani amekuuliza?

Nadhani siku hiyo alilipata jibu la miaka yake yote dirishani. Alirudi kwa mama fundi akamweleza alivyojibiwa. Mama fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kushona.

Tangu hapo yule karani hakuwa yule tena. Ukimuuliza kitu dirishani anakupa na cha jirani yake. Mwanamke mmoja aliuliza kama kiwanja cha watoto kimepimwa, akajibiwa kimepimwa, na nusu yake imeombwa na mtu wa kituo cha mafuta, na mwisho wa kupinga ni Ijumaa. Wakubwa wakaja juu. Wakamwondoa dirishani, wakamweka stoo kulinda viti vibovu mpaka alipostaafu.

Nao walidhani wamemaliza. Wiki aliyostaafu, alibeba mto wake wa kukalia akaja kuketi kwenye benchi la nje, hatua chache tu kutoka dirisha lake la zamani. Hapo ndipo wengi wenu mlimjulia. Unakuja na ombi lako, yeye anakuvuta mkono: "Hebu nione. La, usiulize kama maji ya kisima yamepimwa. Uliza yamepimwa lini, yamekutwa na nini, na nani ameambiwa. Halafu malizia: na kuna lolote lingine tunalopaswa kulijua? Hilo la mwisho usilisahau hata kama umesahau jina lako." Foleni ya benchi ikawa ndefu kuliko ya dirishani. Karani mpya alikuwa akikuona unatoka kwenye benchi lile, anashusha pumzi kabla hujafungua mdomo.

Nyumbani nako mambo yaligeuka. Mjane wake anasema: "Ukimuuliza kama amefunga mlango, anakueleza mpaka bawaba inayolia na mafuta yaliyokwisha. Nikamwambia baba, jamani, ndiyo au hapana tu. Akasema, mama, ndiyo au hapana iliniponza."

Na binti? Binti alirudi kuongea na baba yake. Hakumbuki siku, anakumbuka tu kwamba alikuta chai mezani, akainywa, ikiwa ya moto. Baba akageuza uso ukutani.

Suruali zake zote, mzee huyu alizipeleka kupunguzwa na kushonwa kwa yule mama fundi. Suruali moja ilipunguzwa mpaka ikafika juu ya vifundo, mitaani tukamcheka. Hatukujua. Mama fundi alizipokea, alizishona vizuri, na malipo alichukua kamili kama kwa mteja yeyote. Anamkaribisha kwenye kigoda, anamaliza, anamkabidhi, mzee anashukuru na kuondoka. Basi. Hivyo hivyo, mpaka alipolazwa.

Wodini alimwambia binti yake kwamba redioni wakitaka kumkumbuka, waambiwe na ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Wapo jamaa waliopinga. Walisema tumwache mtu apumzike. Mjane wake ndiye aliyekata shauri. Alinishika mikono miwili akasema: "Liseme. Akipumzika nalo hatapumzika." Ndiyo maana mmelisikia leo, kwa ruhusa ya nyumbani kwake na kwa ruhusa ya barazani kwa mama fundi.

Kwa mjane, kwa binti na wadogo zake, kwa ndugu na wote waliowahi kuketi kwenye lile benchi: poleni sana. Tuko nanyi. Mungu awape nguvu za kuyapita mazoea, kile kikombe chake na kile kiti cha barazani. Na leo natoa pole nyingine, iliyochelewa mno. Ukuta ulipoanguka, redio hii ilitangaza idadi ya waliolazwa na hasara ya mashine. Kwa mama fundi na watu wake, kwa ajili ya binti aliyetia vifungo na kudarizi kola: poleni sana. Mlistahili kuisikia pole hii tangu wakati ule.

Nanyi wasikilizaji, mliokaa nyuma ya dirisha lolote. Dirisha la hospitali, la shule, la stendi, la dukani kwako. Leo kuna mtu atakuuliza nusu ya jambo, kwa sababu nusu nyingine haijui. Wewe unaijua. Fikirieni hilo mkirudi kazini.

Nimebakiwa na moja. Mama fundi alikuja mazikoni jana, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya wengine. Nilimfuata barazani kwake. Nikasema, mama, samahani, alipokuwa akija na suruali zake, je, uliwahi kumsamehe?

Aliweka kitambaa chini. Akasema: "Miaka yote ile alikuja, akakaa, akaondoka. Nilikuwa nasubiri aniulize. Jibu nilikuwa nalo. Hakuuliza."

Nikamuuliza lilikuwa jibu gani.

Akaokota kitambaa chake, akatafuta tundu la sindano. "Swali hilo si lako, mwanangu," akasema. "Lilikuwa lake."