Mafua ya Papa Cyprien

Kwenye teksi ya kwenda Ibanda, mbele yangu aliketi Maman Nabintu, yule ambaye akigusa mfupa uliovunjika unaunga papo hapo. Juzi tu mchimba dhahabu wa Shabunda aliletwa kwake akibebwa, akarudi akitembea. Leo alikuwa amenuna, na alimweleza sababu mzee asiyemfahamu aliyekaa kando yake.

"Bwana yangu Cyprien iko na mafua, siku ya tisa sasa. Mafua haisikie mikono yangu, papa. Basi kila asubuhi anaenda kwa jirani, Christine, kunywa chai ya tangawizi."

"Na ile chai inamuponesha?"

"Hapana. Anarudi akikohoa vilevile. Lakini anarudi anacheka."

Mzee alifikiri kidogo. "Huyo Christine anamufanyiaka nini ingine?"

"Anamuuliza namna alilala." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayetaja aibu ya nyumbani.

"Na wewe, maman, unamuulizaka?"

"Mimi namugusa kifua. Nikiona haiponi, naacha."

Teksi iliposimama, Maman Nabintu alishuka, akavuka barabara na kusimamisha nyingine ya kurudi alikotoka. Sikujua kama alikuwa anaenda kuuliza au kufumania.