Hakufa Ghafla: Historia ya Marehemu Brightson Elibariki Mgonja, Mrushaji wa Kasi

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani wa Mtoni na wote mliosimama juani, poleni. Familia imeletewa na klabu yake ya kriketi karatasi iliyochapwa vizuri, yenye picha ya rangi, ikieleza kwamba Brightson "aliugua ghafla", na tumeombwa tuisome hapa. Hatutaisoma. Hii ndiyo historia iliyoandikwa na watu waliokula naye.

Marehemu Brightson alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Temeke, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Elibariki Mgonja, karani mstaafu aliyetokea Same, na mama Loveness, akabatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata, na tangu anatambaa alikuwa mtoto wa kurusha, vijiko, kandambili, hata ugali, mpaka mama yake akakoma kumwekea kitu karibu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1999 hapa Mtoni, akamaliza la saba mwaka 2005, na alipokuwa darasa la sita Mwalimu Bernadeta alileta shuleni mpira mgumu mwekundu na vijiti vitatu, akawaeleza watoto kwamba katika kriketi mrushaji, yaani bola, huja mbio, akarusha bila kukunja kiwiko, na raha yake ni kuviangusha vile vijiti vinavyolindwa na mpigaji. Brightson aliviangusha kwa mpira wake wa pili. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2009, matokeo hayakuwa ya kujivunia, na hatutayapamba kwa sababu amekufa.

Januari 2010 alichukuliwa na klabu moja ya mjini, si kucheza, bali kuwarushia wanachama wakati wa mazoezi, akawarushia miaka mitatu mpaka wakaona aibu wakamwingiza timu ya kwanza, na tarehe 20 Agosti 2017 akawatoa wapigaji saba katika mchezo mmoja, siku ambayo nusu ya Mtoni ilijua kriketi ni nini. Watu walidhani ukubwa wake ulikuwa mkononi. Wanaoujua mchezo huu watawaambia kwamba mrushaji wa kasi anarusha kwa kiuno, kwa mguu wa mbele unaokita chini na kubeba uzito wa mwili mzima, kwa akili ya kuuficha mpira wa polepole ndani ya mkono uleule wa haraka, na kwa roho ya kurudi tena baada ya kupigwa, na hayo yote Brightson alikuwa nayo. Lakini mrushaji mkubwa wa siku hizi, kwenye timu zinazojali watu wao, ana jambo moja zaidi, ana mtu mwenye mamlaka ya kuhesabu mipira yake na kusema leo basi. Huyo Brightson hakupewa.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Sekela, muuza nafaka wa Buguruni, wakajaliwa Jenipher mwaka 2016 na Petro mwaka 2019. Brightson alikuwa akichukua kunde za mkewe, na kila akimaliza ova moja, yaani mipira sita, alitia punje moja mfukoni, na jioni Sekela alizitoa na kuzihesabu kabla ya kufua.

Novemba 2018 mgongo ulimkaza, picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa uti, na daktari akaandika apumzike miezi minne, kisha asizidishe ova nane kwa siku. Barua aliifikisha klabuni, kiongozi mmoja akaisoma, akaikunja, akamwambia, "Braza, bola wa kasi haumwi mgongo, anaumwa uvivu." Miezi minne haijaisha, tarehe 9 Februari 2019, Sekela alitoa mfukoni kunde arobaini na moja, za siku hiyo moja. Alizitia kwenye kopo akazipeleka klabuni, akazimwaga mezani kwao, wakamcheka, wakamwambia kriketi si mambo ya sokoni.

Tangu hapo Brightson alirusha kwa vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili kabla ya kuingia uwanjani, kwa miaka minne. Vidonge hivyo alivipata kwenye duka la dawa la baba yake mdogo hapa hapa Mtoni, aliyempa bila cheti na bila swali, huku akijisifu kwa wateja kwamba yeye ndiye anayemweka sawa mrushaji wa kasi kuliko wote Dar es Salaam. Baba mdogo huyo, Elinaza, ndiye mimi ninayewasomea.

Machi 2023 miguu ilivimba, wengine mkasema amerogwa na wapinzani, na madaktari wakasema figo zimekwisha kwa vidonge. Alisafishwa damu kwa miaka miwili, akafariki hospitali ya Mwananyamala, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, Sekela ameushika mkono wake wa kulia. Sasa mtu aje atuambie ghafla.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha, kina mama wa nafaka Buguruni mliomshikia Sekela kibanda chake, na wachezaji wenzake mliobeba jeneza. Viongozi wa klabu, maua tumeyapokea, jezi hatutaitandika juu yake, mtarudi nayo.

Badru, mwanangu, unayerusha sasa zamu zake, wiki iliyopita Brightson akiwa bado kitandani ulikuja dukani kwangu ukaulizia vile vidonge vyake. Sikukupa, na najua maduka ni mengi. Jumatatu asubuhi tutakwenda wote ukapimwe. Kabla hujaondoka hapa, pita kwa Sekela, amekufungia kunde nane kwenye kitambaa, na zikiisha, kaa chini, na atakayekuita mvivu mlete kwangu.

Brightson, baba, leo basi. Mgongo wako nao upumzike kwa amani.