Kadi ya 214 Iliyomponza Darlene

Risala ya watoboaji kadi wa Kampuni ya Mbegu ya Bluestem, Omaha, kwa Makamu wa Rais wa Kampuni, Juni 1962. Msomaji: Bi. Verna Sobotka.

Mgeni rasmi, Bwana Harlan Tuttle,

Sisi akina mama wa chumba cha kutoboa kadi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kolachi ulizokula, vile vikate vitamu vya jamu, zilipikwa na mwenzetu Irma. Tumefurahi kuona hukujivunga.

HISTORIA

Kompyuta ilipoletwa miaka miwili iliyopita, ukuta ulibomolewa ipite, na feni yetu ikahamishiwa kwa mafundi wake. Yenyewe ina mtambo wake wa ubaridi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lake bado tumelishika sisi.

MAFANIKIO

Programu ya kutuma mbegu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma kwenye matundu ya kadi, ina kadi 611, zote tumezitoboa sisi. Kwenye ukingo wa juu tumezipiga mstari wa mshazari wa wino wa zambarau, kuanzia kadi ya kwanza hadi ya mwisho, ili trei ya kadi hizo ikimwagika tuzipange kwa kuufuata. Imemwagika mara nne. Ya tano aliimwaga msimamizi wetu, Bwana Prentiss, tukaambiwa hiyo haihesabiwi.

CHANGAMOTO

Mwezi Machi, siku ya ziara yako, kadi ya 214 ilipotea. Ndiyo inayoiambia mashine iache kurudia agizo. Bi. Hruska wa mji wa Wahoo aliagiza pakiti moja ya mbegu za figili, akaletewa mia tisa. Alipiga simu: "Mwanangu, mimi nina kisanduku kimoja tu cha kupandia dirishani."

Bwana Prentiss akamwita Darlene Kupka, mtunza trei.

"Kadi iko wapi?"

"Sijui, bwana. Asubuhi ilikuwepo."

"Kadi haina miguu, Darlene."

Akamfukuza papo hapo. Darlene ana watoto watatu, na mumewe amevunjika mguu. Jambo hili limetuuma sana.

Sehemu inayofuata tumeiandika kwa penseli, dakika kumi zilizopita. Wakati wa kahawa ulitoa mfukoni kadi uliyoandikia hotuba yako, ukaipitia huku unatafuna. Irma akamkanyaga Verna mguu.

"We, tazama ukingo wa juu."

"Naona. Zambarau."

"Basi kunywa kahawa yako, usimkodolee macho mkubwa."

Ndipo tukakumbuka. Mwezi Machi uliomba kikaratasi cha kuandikia hotuba, Bwana Prentiss akasema, "Chukua tu, bwana, kadi tunazo tele," akionyesha boksi la kadi tupu. Trei ndiyo iliyokuwa karibu nawe.

MAOMBI

Tunaomba feni yetu. Tunaomba Darlene arudi kazini Jumatatu, na Bwana Prentiss aende mwenyewe kwake kumwambia. Kadi tutaingoja hadi umalize hotuba, maana hatupendi ukwame katikati. Tafadhali usiikunje.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako, na akulindie mifuko yako.

Ni sisi, Watoboaji Kadi wa Bluestem, kumi na watatu, tukimngoja wa kumi na nne.