Jedidah Kagendo Njoroge na Vitanda Kumi na Viwili

Jedidah Kagendo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 huko Kibirichia, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee M'Ikiara na marehemu Mama Salome. Ilikuwa siku ya soko. Mama yake alikuwa akisema gunia tatu za viazi zilibaki barabarani kwa sababu ya huyu mtoto, na hakuna aliyezirudia.

Alisoma shule ya msingi palepale nyumbani, akamaliza Form Four mwaka wa 1984 huko Nkubu, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu 1988. Waliosoma naye wanasema hakuwa mtu wa kuinua mkono darasani. Mwalimu akikosea, alikuwa anamngoja nje, anamwambia wakiwa wawili. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Simon Njoroge, dereva wa malori. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika kidogo, Mmeru na Mkikuyu. Yeye akawaambia, "Mimi naolewa na dereva. Mambo ya kabila mtaongea na yeye akishapaki." Mungu aliwajalia watoto wawili, Kathure na Munene. Agosti 2001 familia ilihamia hapa Irving, Marekani.

Kwa miaka ishirini na mbili alifanya kazi kwenye nyumba moja ya wazee hapa Irving, na Jumamosi ilikuwa zamu yake. Kulikuwa na mzee anaitwa Bwana Dawson, kocha mstaafu wa futiboli ya Kimarekani. Mzee alikuwa anakataa dawa za Jumamosi timu ya chuo chake ikiwa na mpira kwenye televisheni. "Ngoja, sista, tunashambulia." Sasa Aunty angefanya nini? Alijifunza mchezo ili ajue dawa itamezwa saa ngapi. Mwaka wa pili Bwana Dawson ndiye alikuwa anamuuliza kama wapige teke au wajaribu tena.

Kutoka hapo hakurudi nyuma. Alifuatilia futiboli ya vyuo vikuu hadi ile sehemu watu hukimbia, ya vyuo kuhama kutoka konferensi moja, yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja, kwenda nyingine. Aprili mwaka huu, akiwa jikoni kwake anakata sukuma wiki, alimweleza mtu fulani hivi:

"Wewe hesabu vitanda. Zamani mchujo wa ubingwa ulikuwa na vitanda vinne, kila mtu akakimbilia hospitali kubwa. Sasa ni kumi na viwili, na vitano wamewekewa mabingwa wa konferensi. Chuo kidogo kinaweza kubaki kwao na bado kipate kitanda. Lakini hawa wakubwa wawili, zile konferensi mbili tajiri, wanataka viwe kumi na sita, na kila mmoja atengewe vinne. Wakipewa, utaona watu wakibeba wagonjwa wao mbio kwenda huko. Na wale watoto wa voliboli, maana chuo huhama na michezo yake yote, watakuwa wanavuka nchi nzima kwa ndege Jumanne, waje wafanye mtihani Jumatano."

Huyo mtu fulani ni mimi, Gakii, binti ya dada yake. Wasifu husomwa kana kwamba msomaji hayumo ndani. Mimi nimo, na naona haya.

Mwezi wa Mei niliandika kolamu mtandaoni inaitwa "Hesabu Vitanda." Nyinyi mliituma kwa kila grupu ya WhatsApp, kutoka hapa hadi kwa wetu wa Houston. Ndiyo iliyofanya watu wanijue. Kila kitu mle ndani ni cha Aunty, hadi wale watoto wa voliboli. Jina lake halikuwemo.

Machi Aunty alikuwa amepatikana na saratani ya kongosho, na matibabu yakawa Houston. Tarehe 12 Juni, yeye na Uncle Njoroge wakiwa njiani kwenda huko, walifungua redio na kunikuta nahojiwa. Mtangazaji akaniuliza hilo wazo la vitanda nililitoa wapi. Nikasema, "Lilinijia tu nikioga."

Uncle aliniambia baadaye kwamba alitaka kupaki kando ya barabara anipigie. Aunty akamzuia. "Wacha. Ako kazini."

Septemba nilimtembelea hospitalini nikiwa nimejipanga kuomba msamaha. Akanitangulia. "Nisomee ile kitu yako." Nikasoma yote. Alisubiri nesi atoke, tukabaki wawili, ndipo akasema, "Pale kwa mabingwa umeandika vitanda vinne. Sikusema vinne. Nilisema vitano."

Hiyo tu. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilisahihisha hesabu usiku huohuo. Jina sikuweka. Nilijiambia nitaandika kitu kirefu, kizuri, akipata nafuu.

Aunty Jedidah alifariki Houston Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, Uncle akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Kamati ya mazishi ikaniambia, "Si wewe ndio huandika?" Nilimpelekea Uncle karatasi hii jana nikitarajia atafuta nusu. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Soma yote. Na usikimbie kama ile siku ya redio."

Tunamzika leo Jumamosi tarehe 22. Angetuuliza kwani tumekosa siku nyingine, tunazika watu saa za mechi.

Ameacha mume, Simon Njoroge, watoto, Kathure na Munene, dada yake, Mama Gakii, wajukuu watatu, wazee kumi na mmoja wa Jumamosi, ambao wameleta yale maua ya manjano, na kolamu moja, ambayo tangu leo asubuhi inaanza hivi: "Mawazo haya ni ya Jedidah Kagendo Njoroge, muuguzi wa Irving. Mimi niliyaandika tu, na niliyaiba."

Mungu ampokee, ampe kitanda chake, apumzike kwa amani.