Hesabu Zangu za Vifo na Pumzi ya Mama

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaleta hapa Chumbi kula pilau ya shukrani wakati ilikuwa mje kula ya matanga. Nanyi wenzetu Wakristo mliofika, karibuni sana. Maneno yangu nimeyaandika kwenye daftari, maana mama amesema nikisimulia kwa mdomo mtupu, Rufiji itafurika na kukauka kabla sijafika katikati.

Mnanijua. Mimi ni Hamisi, mkulima wa mpunga, niliyesoma masomo ya jioni kule Ikwiriri miaka minne, mchana jembe, jioni kalamu. Nilipofaulu kidato cha nne nikiwa na ndevu, nilivimba kichwa mpaka kofia zote za hapa kijijini zikanikataa. Baiolojia nilifaulu vizuri kiasi cha kuanza kuwasahihisha manesi. Ndugu zangu, hapo ndipo shetani wangu alipopata kiti.

Ugonjwa ule mpya ulipoanza kutangazwa redioni, kijiwe chetu cha kahawa kiligawanyika. Nassoro, dereva wa bajaji, rafiki yangu tangu utotoni tukiamia ndege mashambani, kuwafukuza wasile mpunga, alisema ugonjwa utatumaliza wote. Mimi nilisema ni mafua yaliyopata umaarufu.

"Kule ng'ambo watu wanazikwa kwa matrekta," alisema Nassoro.

"Umeona wewe au imeona simu yako?"

"Haya, Daktari wa Jioni. Tuko hapa hapa."

"Nijibu basi. Wanaokohoa wakapona majumbani kwao, nani anawahesabu? Ukihesabu waliokufa peke yao, hata chunusi itaonekana inaua. Na huyo marehemu, kaondoka kwa ugonjwa huo, au kaondoka na presha yake, ugonjwa ukiwa umepita kusalimia tu?"

Watu walicheka, nikaongezewa kahawa. Na niseme kweli, maswali yenyewe hayakuwa ya kijinga. Wenye maabara zao walikuwa wakibishana hayo hayo. Ila swali ambalo wao walikuwa hawajalimaliza, mimi nililimaliza kwa vikombe viwili. Watu waliniamini. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kisha mama akaanza kukohoa.

Mama yangu, Bi Somoe, ana pumu na presha, yote mawili. Nikasema ni mafua, tupige nyungu. Nikachemsha majani ya mwarobaini, mchaichai, malimao na tangawizi, chungu kikubwa cha kumchemshia tembo. Mama akainamia mvuke chini ya blanketi. Na mnajua desturi yetu: mgonjwa hakai peke yake. Wanawake walikuja kumjulia hali, na kila aliyefika nilimkaribisha kama ninavyokaribisha mtu chakulani. "Ingia nawe uvute kidogo, dada, ni dawa." Wakawa wanaingia watatu, wanne, chini ya blanketi moja, mashavu yakigusana na ya mama, wanavuta kile anachokohoa. Mke wa Nassoro, Mwajuma, aliingia mara mbili kwa sababu nilimwahidi ngozi itang'aa. Mimi mwenye Baiolojia yangu nilisimama mlangoni nikiongeza kuni.

Siku ya nne mama hakumaliza sentensi. Alisema, "Hamisi, nipe," akavuta pumzi, "maji," akavuta tena. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Misuli ya shingo ilikuwa inaingia na kutoka kama anayemeza kitu kisichoshuka. Nikamfunika tena kwenye mvuke, nami nikaingia naye. Akalegea ubavuni mwangu, kichwa kikaangukia magotini mwangu, blanketi bado limetufunika wote wawili, na humo gizani sikusikia anahema.

Nililitupa blanketi nikamtoa nje uani. Akahema, kidogo, kama mtu anayenusa. Nikaanza kuhesabu pumzi zake, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Hofu niliyoipata siku ile, ndugu zangu, kama ingekuwa mvua, kisiwa cha Mafia kingezama.

Nilimpigia Nassoro. Hakuniuliza lolote. Alikuja amejifunga kanga ya mkewe puani, tukamweka mama katikati yangu na mto wa kulalia, tukaondoka kuelekea upande wa Kibiti. Njiani akasema bila kugeuka:

"Mwajuma anakohoa tangu jana."

Kisha ule ulimi wangu, badala ya kuomba radhi, ukajitetea. "Kukohoa siyo kufa, Nassoro. Wengi wanapona."

"Bado unabisha? Na mama yako yuko hivyo?"

"Sibishi, nasema kwa hesabu..."

"Nyamazeni," akasema mama. Tulikuwa juu ya daraja la Rufiji, upepo unapiga turubai. Akatafuta pumzi. "Hewa yenyewe. Haitoshi."

Nassoro akaongeza mwendo mpaka hospitali.

Walimbana kidoleni kidude cha kupima hewa mwilini, nesi akakiangalia, akaacha kutembea akaanza kukimbia. Wakamwekea mpira puani na mtungi wa oksijeni. Nikazuiwa mlangoni. Nesi alipotoka nilimkamata kwa maswali, maana ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo.

"Sista, ugonjwa huu hasa unaua kiasi gani? Katika watu mia, wanaondoka wangapi?"

Alikuwa amechoka, barakoa imemchora mistari mashavuni. "Kaka, sijui. Wanaojua nao hawajaafikiana. Wewe una mama wangapi?"

"Mmoja."

"Basi nenda kamwombee huyo mmoja. Na uvae hii." Akanipa barakoa.

Siku zile nilisimama nje ya dirisha la wodi. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Ruaruke, mnene, mcheshi, aliyekuwa akinipungia mkono asubuhi. Adhuhuri moja nikaona shuka limevutwa mpaka usoni. Mama yangu aligeuza kichwa ukutani. Nami nikashikwa na homa, kifua kikaniuma, na kila nikikohoa nilimwona Mwajuma chini ya blanketi langu. Nilikuwa nikiogopa simu ikilia. Nilikuwa nikiogopa isipolia.

Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikamwambia Mungu: Mola wangu, huu ubishi nimeushindwa, auchukue anayeutaka. Nirudishie mama. Na usimwadhibu Mwajuma kwa mdomo wangu. Sikuomba kwa ufasaha. Nililia kamasi mpaka barakoa ikashindwa kazi.

Siku ya tisa hospitalini nilikuwa pale pale dirishani. Mama akanitazama, akauondoa mkono kifuani, akasema:

"Hamisi, nani anaamia ndege shambani wakati wewe umesimama hapo kama nguzo ya umeme?"

Sentensi nzima, kwa pumzi moja! Nilimwambia arudie, akanitukana, na matusi nayo yakatoka kwa pumzi moja.

Mwajuma alilala wiki mbili, akainuka. Nilikwenda kwa Nassoro nikakiri yote, blanketi na ile habari ya ngozi kung'aa. Kisha akasema, "Mwambie yeye, siyo mimi." Nikamwambia. Hajanichekea bado, na sijamlazimisha.

Mpaka leo sijui kwa hakika kilichomshika mama ni ugonjwa ule au pumu yake ya zamani. Kipimo siku ile hakikuwepo. Wala sijui unaua watu wangapi katika mia. Ninachojua ni kwamba mama hawezi tena kufika kisimani bila kuketi njiani, na yuko hai, na aliyemrudisha ni Mwenyezi Mungu, kwa mikono ya wale manesi na kwa bajaji ya mtu niliyemkejeli.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, na msingoje mabishano yaishe. Nimesikia hapa nyuma mtu anakohoa tangu nilipoanza kusoma, na pumzi yake si nzuri. Sitakutaja. Kama kifua kinakubana, usiningoje nifunge daftari. Inuka sasa hivi, bajaji iko barabarani. Dua tutakusomea ukiwa njiani.